Kwenda Kőszeg, mji mdogo wa mpakani Hungaria: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu nianze kuweka picha za Kőszeg watu wananiuliza maswali yaleyale, wengine wanafunzi walioko Hungaria tayari, wengine wako Dar, Nairobi, Muscat wanapanga safari ya Ulaya wanataka sehemu ambayo haina fujo. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Nimeenda huko mara tano sasa, misimu tofauti, na mji wenyewe naupenda kweli, kwahiyo nitaongea kama mtu anayeupenda.

Kőszeg iko wapi na kwanini niache Budapest?

Usiiache Budapest, nenda, ni mji mzuri sana. Ila baada ya siku tatu nne za foleni na watalii panda treni uende magharibi mpaka treni zinapoishia, karibu kabisa na mpaka wa Austria, mkoa wa Vas, hapo ndo Kőszeg. Watu kama 12,000 tu. Mji wa zamani wote unauzunguka kwa miguu kwa nusu saa, lakini ukiwa na macho utatumia siku mbili na bado kuna mlango hujauona. Nyuma yake kuna milima yenye misitu, chini yake kuna kijito cha Gyöngyös, katikati ngome, na nyumba zake nyingi ni za miaka mia tatu, mia nne iliyopita na watu bado wanaishi humo humo, wanaanika nguo, wanamwagilia maua dirishani.

Jina linatamkwaje?

Kihungaria "sz" ni s yetu ya kawaida, na "s" peke yake ndo inakuwa sh, yaani kinyume na unavyotegemea. Hiyo ő ni ndefu, kunja midomo kama unapuliza uji wa moto halafu sema "e". Köö-seg. Mkazo unakaa silabi ya kwanza siku zote, kwa kila neno, wakati sisi tumezoea kukazia ya pili kutoka mwisho, kwahiyo mwanzoni utakuwa unakosea kila jina na watakuelewa tu. Wajerumani na Waaustria wanauita Güns, ukiona kibao kimeandikwa hivyo ni mji uleule.

Nahitaji viza?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ndio, viza ya Schengen. Hungaria iko Schengen tangu Desemba 2007, kwahiyo viza hiyohiyo inakupeleka Vienna na kukurudisha. Ni siku 90 ndani ya kila siku 180, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na usiachie zibaki chini ya siku 15.

Kitu kinachowakwamisha wengi ni hiki: unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama unalala Vienna siku sita na Hungaria siku tatu, hiyo ni viza ya Austria, usiende kuomba ya Hungaria kwa sababu umesikia ni rahisi, watakurudisha. Siku zikilingana basi ni nchi utakayoingia kwanza. Na nyie mlioko Oman, Dubai, Qatar na mna ukaazi halali wa huko mnaomba hukohuko, hamna haja ya kurudi nyumbani.

Nafikaje?

Treni. Kutoka stesheni ya Budapest-Keleti unapanda ya kwenda mji wa Szombathely, masaa mawili na nusu hivi, halafu unabadilisha unaingia katreni kadogo ka GYSEV (kampuni ya reli ya huku), kilomita 18 tu, haifiki nusu saa umefika mwisho wa reli. Stesheni ya Kőszeg iko kusini kidogo, mpaka katikati ya mji ni kama dakika ishirini kwa miguu, barabara imenyooka na mbele unaona mnara wa kanisa kubwa, unaufuata huo tu. Ukitokea Vienna unaweza kupitia Sopron mpaka Szombathely.

Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha mwanafunzi cha Hungaria asikate tiketi moja moja kabla hajapiga hesabu. Mwaka 2023 walianzisha pasi ya mwezi ya nchi nzima kwa forint 18,900 na ya mkoa mmoja 9,450, na wanafunzi walipewa punguzo la asilimia 90, hebu piga hesabu mwenyewe. Angalia bei ya sasa kwenye aplikesheni ya MÁV, shirika la reli la Hungaria, kabla hujatoka.

Ukija na gari jua kwamba barabara kuu za Hungaria zinalipiwa kwa stika ya kielektroniki, unanunua mtandaoni kabla, na kwenye pombe na usukani ni sifuri kabisa, hata glasi moja hawasamehe.

Lugha nitaiwezaje?

Huku mpakani wenye umri mkubwa wengi wanajua Kijerumani kuliko Kiingereza, vijana Kiingereza kidogo, na dukani utakuta muuzaji hajui chochote zaidi ya Kihungaria na mtaelewana kwa vidole. Ila nikwambie kitu ambacho hakuna kitabu cha safari kitakwambia, sisi Waswahili tuna nafasi nzuri zaidi na Kihungaria kuliko Waingereza. Kwanza, hawana "he" na "she", wana "ő" moja tu kwa mwanaume na mwanamke, sawasawa na "yeye" yetu. Pili, lugha yao inabandika vitu kwenye neno kama yetu. Nyumba ni ház, nyumbani kwa maana ya ndani ya nyumba ni házban. Ngome ni vár, ngomeni ni várban. Ile -ni yetu wao wana -ban au -ben. Tofauti wao kwa sehemu kubwa wanabandika nyuma, sisi tunabandika mbele na nyuma. Mi siku nilipoligundua hili niliacha kuogopa kabisa. Na "ny" yao ni ny yetu ya nyanya, hiyo umeshapata bure.

Jambo jingine, majina yao jina la ukoo linatangulia. Ukiona sanamu imeandikwa Jurisics Miklós, basi Miklós ndo jina lake na Jurisics ni ukoo.

Nasalimiaje?

Hapa ndo pa kukaa vizuri maana ndo panabadilisha safari yote. Ukiingia duka lolote, mgahawa, chumba cha kusubiri daktari, hata kabehewa kadogo ka treni, unaanza wewe: "Jó napot kívánok" (nakutakia siku njema), na ukitoka "Viszontlátásra". Ukiingia kimya wanakuchukulia huna adabu, na watu wengi wanaosema "wale watu wamenuna" ni hawakusalimia. Kwetu mtu akiingia uani bila hodi tunamwonaje? Ni hivyohivyo.

Halafu kuna "csókolom", inatamkwa chookolom. Watoto wanawaamkia hivyo wakubwa, hasa kina mama na mabibi, na maana yake ni "nabusu", kwa kirefu "nabusu mkono wako". Mimi nilipoelezwa nilikumbuka shikamoo papo hapo, maana nayo wazee wanatuambia asili yake ni "nashika miguu yako". Siku moja kuna mtoto wa kama miaka sita alipita na begi lake la shule, akamwamkia bibi aliyekaa kwenye benchi "csókolom", bibi akamjibu bila kuinua macho kwenye kufuma kwake, sawa kabisa na bibi yangu anavyoitikia marahaba huku anapeta mchele. Nilisimama pale.

Hii habari ya kengele za saa tano ni kweli?

Kweli kabisa, na nakuomba usikose. Hungaria nzima makanisa yanapiga kengele saa sita mchana, kumbukumbu ya ushindi dhidi ya Waturuki pale Nándorfehérvár (Belgrade ya leo) mwaka 1456. Kőszeg wana yao, wanapiga saa tano asubuhi.

Sababu ni ya Agosti 1532. Sultani Suleiman alikuwa anaelekea Vienna na jeshi kubwa mno, makumi elfu kwa makumi elfu, na njiani kukawa na huu mji mdogo. Aliyeushika ni kapteni Mkroatia, Jurisics Miklós, ambaye miaka miwili nyuma alishawahi kutumwa Istanbul kama mjumbe kwahiyo hao watu alikuwa anawafahamu uso kwa uso. Askari wa kweli aliokuwa nao ni makumi machache, wengine kama mia saba ni wanakijiji waliokimbilia ndani na wake zao na watoto, na mizinga hawakuwa nayo. Wakazingirwa zaidi ya wiki tatu. Waturuki wakachimba mashimo chini ya ukuta wakalipua kwa baruti, wakapanda, wakarudishwa, wakapanda tena. Mwishoni kukawa na makubaliano: Jurisics akubali kwa jina tu kwamba mji umesalimu amri, bendera ya Kituruki ipandishwe ukutani, halafu jeshi liondoke. Likaondoka tarehe 30 Agosti, na wenyeji wanasema ilikuwa saa tano asubuhi. Mvua zikawa zimeshaanza, wakati umepotea, na Vienna mwaka ule hawakufika.

Sasa wewe kaa Jurisics tér (tér ni uwanja) kuanzia saa tano kasoro kumi. Usifanye kitu. Utaona mwenye mgahawa anapanga viti, mtu na mbwa wake, baiskeli inapita juu ya mawe inagongagonga, alafu kengele zinaanza kutoka juu na hakuna hata mmoja anayeinua kichwa, kwa sababu kwao ni saa tano tu kama kila siku.

Nione nini hasa?

Anza Hősök tornya, Mnara wa Mashujaa, unapita chini yake kuingia uwanja wa zamani. Unaonekana wa kale sana ila ulijengwa 1932, kuadhimisha miaka 400 ya kule kuzingirwa. Ukishapita tu uko Jurisics tér, na mbele yako kuna makanisa mawili yamesimama bega kwa bega kama ndugu. La Szent Jakab ni la zamani zaidi, la Kigothi, la miaka ya 1400, ingia uangalie michoro ya ukutani. La Szent Imre ni la mwanzoni mwa miaka ya 1600, lilijengwa wakati mji umegawanyika kwa lugha na dini, wenye Kijerumani huku na wenye Kihungaria kule. Leo yote mawili ni ya Kikatoliki. Palepale uwanjani kuna duka la dawa la zamani, Arany Egyszarvú, sasa ni makumbusho, droo za mbao na chupa zenye majina ya Kilatini.

Halafu tembea mitaa ya pembeni, hasa Chernel utca, uangalie nyumba zilivyopangwa. Hazijanyooka kwenye mstari. Kila nyumba imejitokeza kidogo mbele ya mwenzake, kona, kona, kona, kama meno ya msumeno. Wanasema ilikuwa ya kujilinda, mtu anajificha kwenye kona na kumwona adui anayekuja. Simama mwanzo wa mtaa jioni jua likiwa chini, kila kona ina kivuli chake.

Kanisa kubwa lenye mnara mrefu kule Fő tér, Jézus Szíve, ni la 1894, ndani limepakwa rangi kila sentimita, nguzo mpaka dari. Wengine wanaliona limezidi. Mimi nalipenda.

Sinagogi lipo pia, la mwaka 1859, la matofali, lina minara miwili ya duara kama ngome ndogo. Lilikaa miaka mingi limefungwa linabomoka, sasa limekarabatiwa. Wayahudi wa Kőszeg walichukuliwa mwaka 1944 wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ndo maana jengo lilibaki bila watu wake. Nenda, na ukiwa pale nyamaza kidogo.

Na kile kitabu cha mizabibu?

Hicho ndo nilichokipenda kuliko vyote. Kinaitwa Szőlő Jövésnek Könyve, kitabu cha kuja kwa zabibu. Tangu mwaka 1740, kila tarehe 24 Aprili, siku ya Mtakatifu George, wanakata machipukizi ya mizabibu ya mashamba ya Kőszeg wanayaleta mjini na yanachorwa kitabuni kwa ukubwa wake halisi, mwaka unaandikwa pembeni. Karibu miaka mia tatu hawajaacha. Kuna mwaka tawi limechorwa refu, majani yamefunguka kabisa mpaka vikonyo vinavyojikunja, maana baridi iliondoka mapema, na kuna mwaka ni kajicho tu kamefumba, ukurasa mzima mweupe na hako kakijani katikati. Wakulima wetu nao wanakumbuka mwaka wa mvua na mwaka wa njaa, ila hawa waliushika kwa rangi na wino, na wanaochunguza hali ya hewa ya zamani wanakitumia. Ngomeni kuna makumbusho, ukifika ulizia habari zake. Na kama unaweza kuchagua tarehe ya kwenda, chagua 24 Aprili.

Milima ikoje, mtu wa kawaida anaweza?

Anaweza. Kuna kilima cha Kálvária chenye kanisa juu, huko unapanda hata na viatu vya kawaida. Kuna Óház, mita 609, mnara wa kuangalilia juu ya magofu. Na kuna Írott-kő, mita 884, ndo kilele kirefu kuliko vyote upande huo wa nchi ulioko magharibi ya mto Danube, na mnara wake umesimama juu ya mpaka wenyewe, nusu Hungaria nusu Austria. Kabla ya 1989 huku kote kulikuwa ukanda wa mpaka, waya na walinzi, mtu wa Budapest alihitaji kibali kuingia. Leo kuna familia zinakula mikate hapo juu.

Palepale ndo inapoanza njia maarufu ya Országos Kéktúra, zaidi ya kilomita 1,100 kukatiza nchi nzima mpaka Hollóháza kaskazini mashariki. Alama yake ni mstari wa bluu kwenye mandharinyuma meupe uliopakwa kwenye miti, na wanaoitembea wana kijitabu cha kugonga mihuri kila kituo. Utawajua kwa vijitabu. Njiani kuna Hétforrás, chemchemi ya midomo saba, mdomo mmoja kwa kila mmoja wa machifu saba waliowaleta Wahungaria huku, jaza chupa yako.

Onyo la kweli: kupe. Msituni kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli kuna kupe na wanaambukiza ugonjwa wa ubongo. Vaa soksi ndefu, suruali ndani ya soksi, jioni jikague mwili mzima mpaka nyuma ya magoti na masikio. Wanaokaa muda mrefu wachanje.

Chakula? Mimi ni Mwislamu.

Nguruwe yuko kila mahali, nikudanganye ili iweje. Maneno ya kukariri: sertés na disznó ni nguruwe, sonka ni paja lake, szalonna ni mafuta yake ya kukausha, kolbász ni soseji na mara nyingi ni yake, zsír ni mafuta ya kukaangia na mara nyingi ni yake pia. Csirke ni kuku, marha ni ng'ombe, hal ni samaki. Sentensi ya kuonyesha kwenye simu: "Disznóhús és zsír nélkül kérem", bila nguruwe na bila mafuta yake tafadhali. Supu ya maharage, bableves, inaonekana salama na si salama, kwa kawaida imepikwa na mguu wa nguruwe wa moshi. Kuku waliochinjwa kihalali mjini Kőszeg usitegemee, anayefuata hilo kwa makini aende na samaki, mayai, jibini na mboga. Rántott sajt ni jibini la kukaanga kwenye unga wa mkate, főzelék ni mboga nzito ya kunde, malenge au viazi, na hiyo inashibisha. Kwa főzelék bado uliza juu ya nyama ya pembeni.

Kwa wanaokula vyote, gulyás ni supu, sio rosti kama migahawa ya nje inavyopika. Lángos ni unga wa chachu uliotandazwa na kukaangwa kwenye mafuta, ni ndugu wa andazi, ila bapa kubwa kama sahani na linapakwa kitunguu saumu, krimu chachu na jibini. Rétes ni unga mwembamba kuliko manda za sambusa, umeviringishwa na tofaa au mbegu za mpopi au jibini laini.

Na Oktoba ni msimu wa gesztenye, kokwa za mti zinazokua kwenye milima hii hii, kijiji cha Velem jirani wanafanya sikukuu yake. Wanazichoma kwenye karai lenye matundu juu ya moto kama tunavyochoma mahindi barabarani, wanakupa kwenye karatasi zinaunguza vidole, unamenya ganda, ndani ni tamu ya unga unga kama kiazi kitamu kilichopikwa kikakauka vizuri. Mtu wa ugali naye asikate tamaa, unga wa mahindi upo madukani, tafuta kukoricaliszt, ila ni wa njano.

Pesa?

Forint, sio euro. Kwa kuwa Austria iko hapo baadhi ya maduka wanapokea euro ila chenji watakayokurudishia utajuta. Kadi inapita sehemu nyingi, weka pesa taslimu kidogo kwa ajili ya soko, vyoo na vijijini. Sarafu ndogo kabisa ni ya forint 5 kwahiyo ukilipa taslimu jumla inasogezwa.

Na hili lishike. Mgahawani ukimpa mhudumu noti huku unasema "köszönöm" (asante), maana yake baki na chenji. Mimi nililipa noti ya 10,000 kwa chakula cha kama 6,000, nikasema asante kwa adabu zangu, mhudumu akashukuru sana akaondoka, hakuwa mwizi, alinielewa kwa lugha yake. Toa pesa kimya, asante baadaye. Bakshishi ni kama asilimia 10, ila angalia kwanza risiti kama wameshaiweka.

Nilale wapi?

Tafuta panzió au vendégház, nyumba za wageni za familia, au kibao "szoba kiadó", na huku mpakani utaona pia "Zimmer frei", vyote ni chumba cha kupangisha. Juu ya bei kuna kodi ya mtalii kwa kila usiku, ni halali. Lala usiku mbili, nasisitiza. Wanaokuja na basi saa nne na kuondoka saa tisa wanaona kuta tu. Saa mbili usiku Jurisics tér ikishakuwa tupu na taa za njano, unasikia hatua zako mwenyewe kwenye mawe.

Na kingine, jikoni za migahawa zinafungwa mapema, hasa Jumapili. Mara ya kwanza nilifika Jumapili jioni nikazunguka kila mahali, mwisho nilikula pogácsa mbili (vimkate vidogo vya chumvi) nilizonunua stesheni asubuhi. Jumatatu makumbusho mengi yanafungwa. Sikukuu za 15 Machi, 20 Agosti, 23 Oktoba na 1 Novemba maduka yanafungwa pia, nunua vitu siku moja kabla.

Mtu mweusi anaonekanaje huko?

Utaangaliwa. Mji ni mdogo na sura mpya zinaonekana. Mimi huko sijawahi kutukanwa, ila siwezi kumwahidi mwingine chochote, kila mtu na siku yake. Nachoweza kusema ni kwamba nikianza salamu uso unafunguka, hasa kwa wazee, na baada ya hapo ni maswali, unatoka wapi, kuna simba? Mtaa wa Rákóczi utakuta duka la dawa la zamani linaitwa Fekete Szerecsen, szerecsen ni neno lao la zamani la mtu mweusi, majina hayo ya maduka ya dawa yalikuwa ya kawaida Ulaya ya kati karne zile. Nakwambia mapema usikutane nalo ghafla.

Ukisema unatoka Afrika Mashariki wazee wengine watakutajia Teleki. Ni Teleki Sámuel, kabaila wa Kihungaria aliyeondoka Pangani mwaka 1887 na msafara mkubwa wa wapagazi waliokusanywa Unguja na pwani, Machi 1888 wakafika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, na bonde moja Mlima Kenya bado lina jina lake. Mimi huwa nawajibu kwamba wenyeji wa lile ziwa walikuwepo siku zote, na mizigo yake waliibeba watu wa kwetu waliokuwa wakisemezana Kiswahili. Maongezi yananoga sana kuanzia hapo.

Siku zote tembea na pasipoti au kadi ya ukaazi. Ukitaka kuvuka kwenda Rattersdorf upande wa Austria ni karibu sana, ila Austria ilirudisha ukaguzi mpaka huu tangu 2015 na wanaweza kukusimamisha.

Niende mwezi gani na nivae nini?

Aprili mwishoni mpaka Juni, au Septemba na Oktoba. Septemba kuna sikukuu ya mavuno ya zabibu, Agosti mwanzoni kuna Ostromnapok ambapo watu wanavaa mavazi ya 1532 na kuigiza vita. Januari ni chini ya sifuri, mwenye damu ya Tanga ataumia, ila theluji juu ya yale mapaa mekundu ni kitu kingine. Hata mwezi wa tano beba sweta, milimani jioni kunapoa.

Adapta?

Lazima. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, plagi zetu za pini tatu bapa haziingii.

Nirudi na zawadi gani?

Divai nyekundu ya Kékfrankos kwa wanaokunywa, asali ya mshita kwa wote, na pilipili ya unga, paprika. Soma mfuko kabla hujalipa: "édes" haiwashi, ni ya rangi na harufu, "csípős" au "erős" inawasha. Nilimpelekea mama mifuko miwili, ile ya édes bado ipo kabatini, ya csípős aliimaliza kwenye maharage ya nazi na mwezi uliofuata akanipigia simu kuulizia nyingine.